Jina la Mama Yangu Chupani

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikipewa chakula nyumba ya watu, nanusa kwanza. Mtu akinisifu, naangalia mikono yake imeshika nini. Mama yangu ndivyo alivyo, na nadhani tabia hiyo niliinyonya kwake pamoja na maziwa. Kwa hiyo yule mkufunzi alipokuja Palma kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, kutuonyesha namna mpya ya kufundisha watoto habari za viumbe hai, nilikaa dawati la nyuma kabisa, mkoba mapajani, nikawa namchunguza.

Hakuja na kitabu, na hilo lilinitia wasiwasi tangu mwanzo. Alikuja na ndoo ya tope la mikokoni, mfuko wa mbegu na makopo matupu. Akatuambia sisi walimu wazima, wengine wana wajukuu, tupige magoti sakafuni tuchambue tope kwa vidole tutafute kilicho hai. Nikajisemea, huyu anataka kutupiga picha akawaonyeshe wenzake huko alikotoka, wacheke. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati na sikuiondolea macho. Kusema kweli hakupiga picha hata moja. Hilo nalo nikalishuku, maana mtu wa siku hizi asiyepiga picha ana lake jambo.

Kaa mdogo akanibana kidole. Nilipiga ukelele ukumbi mzima ukageuka. Mkufunzi akaja akachutama mbele yangu, akaniuliza, "Umejua nini juu yake?"

"Nimejua ana gando moja kubwa na moja dogo," nikamjibu kwa hasira, "na kubwa ndilo linalouma."

Akafurahi kama aliyepewa zawadi. Akasema hivyo ndivyo anavyotaka watoto wetu wajifunze, washike wenyewe, waone wenyewe, ndipo waseme. Nilimwelewa, ila sikumwambia. Usiku ule nilipika huku nautazama mchicha kwa jicho jingine, na niliudhika kwamba mgeni ameniingia kichwani upesi hivyo.

Palma mimi si kwetu. Kwetu ni Mucojo, na nilifika huku kama wengi walivyofika, kwa kuhamahama tukikimbia vita. Shule ilikuwa imefunguliwa upya, kuta zile za zamani na bati jipya juu, na watoto walirudi wachache wachache kadiri wazazi wao walivyopata moyo wa kurudi. Wakati huo nilifundisha darasa la tatu. Watoto walikuwa wakiniita profesora, kwa kuwa mwalimu kwao ni yule wa chuoni, wa Kurani.

Karibu na mlango alikaa msichana aliyevaa begi mgongoni. Hakulivua. Akiandika, begi mgongoni. Akila muhogo wake wakati wa mapumziko, begi mgongoni. Siku moja nililifungua kwa ruhusa yake nikakuta kanga, kikombe cha plastiki na ndala za akiba. Lilikuwa begi la kukimbilia, na sikumuuliza zaidi, kwani hata mimi ninalo, liko nyuma ya mlango wangu mpaka leo. Msichana yule alikuwa hasemi. Ukimwita jina anasimama, ukimuuliza anatazama mlango.

Nilianza na mbegu. Mkufunzi alikuwa amesema tuzibane mbegu kati ya pamba iliyolowa na ukuta wa chupa ya plastiki, ili mtoto aone mzizi ukitoka. Pamba sikuwa nayo, nikachomoa sufi kwenye mto wangu. Maji yakateleza juu ya sufi yakaenda zake chini, mbegu zikabaki kavu, watoto wakanicheka waziwazi. Kesho yake nikaweka kipande cha kanga kuukuu badala ya sufi. Nikabana kunde upande mmoja na mbaazi upande wa pili.

Kunde ilitangulia. Ilijikunja, ikanyanyuka, ikapanda na vipande vyake viwili vya mbegu juu, kichwani kabisa. Mbaazi ilichelewa, na ilipotoka ilipandisha kijiti chembamba chenye majani, mbegu yenyewe ikabaki chini palepale ilipowekwa. Watoto walisongamana kwenye chupa wakisukumana. Nikauliza nani anaona tofauti. Walisema hii ndefu, hii fupi, hii nzuri, hii mbaya.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa naijua.

"Hii imetoka na mzigo wake kichwani," alisema yule msichana. "Hii imeuacha chini."

Nilibaki nimemtazama. Alikuwa amefika mbele, pua imegusa chupa, na begi lake liko kule kwenye dawati. Alilivua lini sikumwona. Nilifurahi mpaka nikaogopa, maana mimi furaha ikinijia kubwa hivyo huanza kutafuta imetokea wapi na inataka nini.

Basi watoto wote wakataka kila mmoja awe na chupa yake. Niliwaambia walete chupa, na hizo hazina shida, zimezagaa kila mahali tangu kazi za gesi zianze. Niliwaambia walete na kitambaa kidogo cha nyumbani. Watoto hawana subira, kwa hiyo wengi walikata pindo za kanga za mama zao. Ilipofika kuandika majina nikakwama. Katika turma yangu, yaani darasa langu, majina yanajirudia, na ya baba yanajirudia vilevile, nusu ya darasa ni jina moja. Nikaona njia rahisi ni kuandika jina la mtoto na jina la mama yake, nikabandika kila karatasi kwenye chupa yake. Mchana zilikaa dirishani. Jioni nilizifungia kabatini kwa ufunguo, mbuzi wasije wakaingia wakazila.

Mtu wa pwani hii akisoma hapo ameshashika kichwa. Jina la mtu na la mama yake ndiyo kitu cha kwanza anachoulizwa yeyote anayekwenda kutazamiwa nyota, au anayekwenda kumfunga mwenzake. Kitambaa kilichogusa mwili ndicho cha pili. Halafu maji, halafu kitu chenye uhai, halafu chupa, halafu kufuli. Nilikuwa nimekusanya vyote, kwa watoto wa mji mzima, na mimi ni mgeni nisiye na ukoo hapo. Haya nayajua tangu utotoni. Ila nilikuwa nimelewa kufundisha, akili haikuwa hapo.

Na kunde ya yule msichana ikaoza. Aliipenda kupita kiasi, kila nikigeuka anaitilia maji. Kitambaa kikawa tepetepe, mbegu ikalainika, ikatoa harufu. Za wenzake zimeota, yake imelala. Aliitazama asubuhi nzima, akavaa begi lake, akaenda nyumbani akamwambia mama yake kwamba ya kwake imekufa.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hawakuja na wenzake wa mtaa uleule. Madawati yakawa na mapengo kama meno ya bibi. Mkurugenzi wa shule akaniita barazani.

"Dona," akaniambia, "shule hii imefunguliwa juzi tu. Sitaki maneno na wazazi. Chupa zitoke, shika kitabu."

Nikamshuku yeye kwanza, kwamba ndiye aliyepeleka maneno mtaani. Nikawashuku walimu wenzangu. Nikamshuku na mkufunzi, labda alijua litakalotokea akatuacha tu. Nilipomaliza kushuku wote nikabaki na dawati moja tupu karibu na mlango. Watoto wengine nilijua watarudi, wazazi huchoka kukaa nao nyumbani. Lakini yule akipotea sasa, baada ya kusema mara moja tu, sikuona ni nini kingine kingemrudisha. Chupa niliziacha kwanza, nikaenda kwao.

Mama yake alikuwa uani, anaanika muhogo kwenye jamvi. Mwanamke wa umri wangu, mrefu, kanga kaifunga kifuani.

"Hodi hapa."

"Nani?"

"Mimi, profesora wa mwanao."

Hakunikaribisha. "Simama hapohapo, dada," alisema. Akajifuta unga mikononi polepole. "Jina la mwanangu unalo. Jina langu unalo. Upindo wa kanga yangu unao. Umetia maji, umetia mbegu, umefungia kabatini, na mbegu imeoza. Sasa umekuja kutazama kama nimeshaanguka?"

"Dada, ile ni kunde tu. Imezidi maji."

"Wale waliotia dawa kisimani mwaka wa kipindupindu nao walisema ni dawa tu, na watu wakafa."

"Mimi nafundisha watoto namna mmea unavyoishi."

"Nani kakutuma?"

"Mkufunzi wa Pemba."

"Na yeye katumwa na nani?"

Swali hilohilo nilikuwa nimejiuliza mwenyewe nikiwa nimepiga magoti kwenye tope. Nilimwona msichana wangu nyuma ya pazia la mlango. Begi mgongoni, ndani ya nyumba yao.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza mama mtu.

Alifikiri. "Kama ni kunde tu, tia yako. Tia jina lako, na jina la mama yako, na kanga yako hiyo uliyovaa. Nipe miye nikae nayo. Ikiota, mtoto atarudi shikola. Ikioza, tutajuana."

"Haya," nikasema haraka, kama mtu mwenye elimu yake. Nilikuwa na kunde mkobani, nikazimwaga kiganjani. Akachagua yeye, akaitazama kwenye jua, akaikataa, akachagua nyingine. Akaingia ndani akatoka na chupa. Nami nikaigeuza chupa nikainusa, nikaisuuza maji yangu mwenyewe, naye akanitazama. Akanipa kisu, nikakata upindo wa kanga yangu, nikaibana nao kunde chupani, nikatia maji. Nikatoa karatasi na kalamu, nikaandika jina langu vizuri, kwa mwandiko wa ubaoni.

Nilipofika kwenye jina la mama yangu mkono ulisimama.

Najua kunde ni kunde. Nimesoma, nimefaulu, ninafundisha. Lakini mama yangu yuko Pemba kwa kaka yangu, mzee, miguu imevimba, na katika wazazi nimebakiwa naye yeye tu. Nilimwona akilini ameketi kitandani anajipaka mafuta magotini, na mimi hapa namwandika kwenye karatasi kumkabidhi mtu asiyenipenda. Niliona aibu na niliogopa, vyote kwa pamoja, na kuogopa ndiko kulikozidi.

"Aa," yule mama alisema taratibu. "Kumbe na weye."

Nikaandika. Nikabandika karatasi, nikampa. Akaishika chupa kwa ncha za vidole, akaikaza kifuniko kwa nguvu.

"Usiifunge, dada, mbegu inataka hewa."

Akanikazia macho. "Kwa nini unataka iachwe wazi? Kitoke nini?"

Nikaacha, nikaenda zangu.

Siku zilizofuata sijui niseme nini. Kichwa kiliniuma, au nilidhani kinaniuma. Nikijikwaa, nasimama kuwaza. Nikampigia mama yangu simu, nikijifanya nataka salamu tu.

"Mbona sauti yako hivyo?" akaniuliza kabla sijamaliza kumwamkia. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mama. Miguu inaendeleaje?"

"Imezidi. Tangu Alhamisi silali."

Jina nilikuwa nimeliandika Ijumaa. Nikashusha pumzi. Halafu nikawaza, mama siku anazichanganya, pengine ilikuwa Ijumaa hiyohiyo. Nikataka kumuuliza upya, nikajizuia, nikajichukia kwa kupiga hesabu hizo. Mchana nilikuwa nawaambia watoto waliobaki kwamba mmea unataka maji, hewa na joto. Kurudi nyumbani, nawaza jina kwenye chupa.

Njia yangu ya shule ilipita mbele ya nyumba yao. Kila asubuhi yule mama alikuwa amekaa kizingitini ananingoja, ananipima kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umeamkaje, profesora? Kichwa hakiumi?"

"Hakiumi."

"Mwili hauna uchovu?"

"Sina kitu, dada."

Nikajua ananikejeli. Nikajua anangoja nianguke aende akatangaze mtaani. Kuna asubuhi mbuzi wake alinishika mkoba, nikamgombeza yule mbuzi kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, na mwanamke akanitazama tu kana kwamba anahesabu nguvu zangu. Nilipita nikiwa nimekaza shingo. Chupa sikuiona mahali popote, wala sikuthubutu kuiulizia. Niliishuku hata harufu ya uani kwake.

Kisha asubuhi moja, nimeshaanza kuandika ubaoni, mlango ukatiwa kivuli. Alikuwa yeye, mkono mmoja amemshika binti yake, mkono wa pili ameshika chupa. Kifuniko hakipo. Ndani yake kijani.

"Imeota," alisema.

Watoto wakapiga makofi. Mimi nikakalia meza. Nilifurahi kuliko ilivyompasa mtu aliyesema ni kunde tu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikamwona mama yangu amelala usingizi mzuri. Niliipokea chupa nikaiinua wote waone.

"Profesora."

Alikuwa msichana wangu. Amesogea, pua karibu na chupa kama ile siku ya kwanza, begi mgongoni.

"Profesora, hii si kunde."

Akaigusa chupa kwa kidole.

"Kunde inatoka na mzigo wake kichwani. Hii imeuacha chini. Hii mbaazi."

Nikatazama. Mbegu ilikuwa chini palepale, imebanwa kwenye upindo wa kanga yangu, na juu kijiti chembamba na majani yake. Mimi niliyewafundisha nilikuwa nimetazama kijani tu. Nikageuka kwa mama mtu, na shuku zangu zote zikanirudia kwa mkupuo mmoja. Kwa nini abadilishe? Yangu kaipeleka wapi? Jina langu, na la mama yangu, yako wapi? Maana sasa ndipo nilipoona kwamba chupa haina karatasi.

Alitazama chini. Kisha akasema, si kwa kuwaficha watoto wala si kwa kuwatangazia.

"Yako ilioza. Niliikaza kifuniko, nikaificha sandukuni, nilipofungua ikanuka. Nikasema, haya, sasa tumwangalie mwenyewe. Nikawa nakaa mlangoni nakutazama. Kila siku unapita, mzima, unagombana na mbuzi wangu. Nikasema, kunde imeoza na mwenyewe anatembea. Na mwanangu yake imeoza, na anakula ananimalizia chungu. Basi ni kunde."

"Sasa mbaazi ya nini, dada? Si ungeniambia tu?"

"Nilikuona siku ile ulivyoandika jina la mama yako. Sikutaka uione imeoza. Kunde kwangu hamna, nikatia nilichonacho."

Akakamata pembe ya kanga yake, pale wanawake tunapofungia vitu vya thamani, akafungua fundo kwa meno. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndogo sana, kavu kabisa, akaniwekea kiganjani.

"Hili hapa la mama yako. Sikuliacha kwenye uvundo."

Machozi yalinitoka mbele ya turma nzima, na sikuyaficha. Wakati wote nilidhani anangoja nianguke, kumbe alikuwa anahakikisha sijaanguka. Nikakunja karatasi, nikaifunga kwenye pembe ya kanga yangu.

Watoto hawapendi kimya. Mmoja akauliza chupa ya profesora tuiandike vipi, maana ubaoni tulikuwa na sehemu ya zilizoota na sehemu ya zilizooza, na kila mtu jina lake liko upande mmoja au wa pili. Jina la msichana wangu lilikuwa halipo popote. Sikuwa nimeliandika.

Nikamtazama mama yake.

"Iandikwe kweli," alisema.

Nikampa msichana chaki. Akaenda ubaoni. Upande wa zilizooza ulikuwa juu, naye mfupi, akajinyoosha kwa vidole vya miguu na begi likawa linamvuta nyuma. Akajaribu tena. Kisha akalivua, akageuka, akampa mama yake amshikie. Akaandika jina lake kwanza, halafu akaniandika mimi chini yake.

Mama yake alibaki na lile begi mikononi, akalitazama kwa muda. Akaliweka juu ya dawati karibu na mlango, akatuaga, akaenda kuanika muhogo wake.